Ridhaa ya mzazi kabla ya huduma za elimu maalumu kuanza: nitie saini au nisubiri?

Mama wa Wawili ameuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Ninaandika nikiwa na karatasi mezani iliyotoka shule ya mwanangu hapa Marekani, na kwa wiki mbili sasa nimeshindwa kuamua kama niitie saini au niiache. Mwanangu ana umri wa miaka minane na yuko darasa la pili. Mwaka jana mwalimu wake aliniita akaniambia kwamba mtoto anahesabu vizuri na anasimulia vizuri, lakini anaposoma herufi zinamchanganya, na sentensi fupi humchukua muda mrefu kuimaliza. Akaomba nikubali afanyiwe tathmini. Nilikubali kwa maandishi, mtoto akapimwa, na mwezi uliopita tuliitwa kikaoni tukaambiwa kwamba anastahili huduma za elimu maalumu kwa sababu ana ulemavu mahususi wa kujifunza, upande wa kusoma.

Upande wa shule walikuwapo watu saba, na upande wa mtoto nilikuwa peke yangu kwa kuwa mume wangu alikuwa kazini. Mkalimani alikuwa kwenye simu iliyokuwa ikikatika kila baada ya muda. Mwishoni nilipewa karatasi mbili. Ya kwanza niliambiwa ni ya kuonyesha tu kwamba nimehudhuria, nikaitia saini. Ya pili inahusu kuanza kwa huduma, nayo niliomba nikaisome nyumbani. Tangu siku hiyo wamenipigia simu mara mbili na kuniandikia barua pepe moja, nami sijajibu.

Wazee wa upande wa mume wangu wanasema kwamba nikitia saini nitakuwa nimemwandika mtoto kuwa mlemavu kwa mkono wangu mwenyewe, na kwamba jina hilo litamfuata hadi utu uzima. Sipendi kuwapinga wazee, lakini kinachoniuma ni kumwona mwanangu akikificha kitabu chake chini ya mto kila mgeni anapokuja, asije akaambiwa asome. Naomba kujua mambo haya: shule inaweza kuanza huduma bila saini yangu, kwa kuwa tayari nilikubali apimwe? Nikikataa, wanaweza kunishtaki? Nikikubali leo, ninaweza kuiondoa ridhaa yangu kesho? Na je, ninaweza kukubali baadhi ya mambo yaliyoandikwa katika mpango huo na kukataa mengine? Kuna pia jirani aliyenionya kwamba mambo haya hufika hadi idara ya uhamiaji, na neno hilo limeninyima usingizi.

Mkalimani wa Vikao amejibu:

Dada, pole kwa mzigo huo, na ulifanya vyema kuichukua karatasi nyumbani badala ya kuitia saini kabla hujaielewa. Mimi nimetafsiri katika vikao vya namna hii kwa miaka kadhaa. Si mwanasheria, lakini kanuni zinazohusu jambo lako nimezisoma mara nyingi, kwa sababu maneno yake ndiyo kazi yangu ya kila wiki.

Sheria inayotawala hapa ni sheria ya shirikisho ya elimu ya watu wenye ulemavu, inayojulikana kwa kifupi kama IDEA. Iliasisiwa mwaka 1975, Rais Gerald Ford alipoitia saini, ikapata jina lake la sasa mwaka 1990, na ikafanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2004. Kabla yake shule nyingi za umma ziliweza kumkataa mtoto mwenye ulemavu, au kumpokea na kumtenga katika chumba chake bila mzazi kuulizwa wala kuarifiwa. Nalitaja hilo kwa sababu bila kulijua mzazi huona karatasi hizi kama mtego wa shule, ilhali ziliwekwa ili shule isiweze kumfanyia mtoto jambo zito mzazi akiwa gizani.

Sasa nirudi kwenye maswali yako. Ridhaa ya kumpima mtoto na ridhaa ya kuanza kumpa huduma ni ridhaa mbili tofauti. Kifungu cha 300.300 cha kanuni za IDEA kinasema waziwazi kwamba ya kwanza isichukuliwe kuwa ndiyo ya pili. Saini ya mahudhurio nayo ni saini ya mahudhurio tu. Kwa hiyo mpaka hapo ulipofika hujakubali huduma yoyote, na shule haina ruhusa ya kuzianza.

Kuhusu kushtakiwa, sheria imetofautisha hatua hizi mbili kwa namna ambayo hata baadhi ya walimu huisahau. Mzazi akikataa tathmini ya kwanza, wilaya ya shule inaruhusiwa, ingawa hailazimishwi, kuomba usuluhishi au kupeleka shauri mbele ya afisa wa kusikiliza mashauri ili mtoto apimwe. Mzazi akikataa huduma zisianze, njia zote hizo zimefungwa: hakuna msuluhishi wala afisa anayeweza kuliweka neno lake juu ya neno la mzazi. Lakini mlango huo una upande wake wa pili. Ukikataa, shule haihesabiwi kuwa imevunja wajibu wake wa kumpa mtoto elimu inayofaa bila malipo, na wala hailazimiki kuitisha kikao cha IEP, yaani mpango wa elimu unaoandikwa kwa ajili ya mtoto mmoja mmoja, au kuandaa IEP kwa ajili yake. Maana yake ni kwamba mtoto akizidi kubaki nyuma, hutaweza baadaye kuilaumu shule kisheria kwa kutompa kile ulichokikataa wewe.

Jambo la kimya ndilo linalonitia wasiwasi zaidi katika maelezo yako. Kwa huduma za mwanzo, kutojibu kuna matokeo yaleyale ya kukataa, yaani mtoto hapati kitu. Wewe unadhani bado unafikiri, kumbe kwa mtoto jibu limekwisha kuwa hapana, siku baada ya siku. Shule kwa upande wake inatakiwa kufanya jitihada za kuridhisha ili ipate jibu lako, na kuzihifadhi kumbukumbu za simu ilizopiga, barua ilizoandika, hata safari za kukufuata nyumbani au kazini ikiwa zilikuwapo. Kwa hiyo simu mbili na barua pepe moja usizichukue kuwa vitisho. Huenda wanatimiza wajibu wao tu. Mbele ya safari kimya kitakuwa na maana nyingine kabisa: mtoto akiwa tayari katika huduma, hupimwa upya angalau kila baada ya miaka mitatu isipokuwa wewe na shule mkubaliane kwamba hakuna haja, na huko, kama mzazi hajibu baada ya jitihada za kuridhisha, shule inaweza kuendelea kumpima bila saini yake. Ni afadhali kuandika mstari mmoja wa kusema kwamba unaomba muda na maelezo kuliko kunyamaza.

Ridhaa ukishaitoa unaweza kuiondoa wakati wowote, ila iwe kwa maandishi. Hivyo ndivyo kanuni zilivyo tangu marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 31 Desemba 2008. Shule itakupa notisi ya maandishi kabla ya kusimamisha huduma, na haiwezi kukupeleka kwenye shauri ili ikuzuie. Fahamu hata hivyo kwamba kuondoa ridhaa kwa njia hiyo huziondoa huduma zote za elimu maalumu kwa pamoja, na hakurudi nyuma kufuta yaliyokwisha kufanyika: shule hailazimiki kuondoa katika kumbukumbu za mtoto maelezo kwamba aliwahi kupewa huduma. Hapo wazee wako wana sehemu ya ukweli. Lakini waelezwe pia kwamba ripoti ya tathmini tayari imo katika faili, utie saini usitie, na kwamba kumbukumbu za mwanafunzi zinalindwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inayohusu faragha ya elimu. Wewe una haki ya kuzisoma, ila hazibandikwi ukutani wala hazitolewi ovyo kwa anayeziomba.

Kukubali sehemu na kukataa sehemu kunategemea jimbo mnaloishi. Katika kiwango cha shirikisho, ridhaa hii ya kwanza ni ya kuanza elimu maalumu kwa ujumla wake, na tofauti kuhusu huduma moja moja hutatuliwa kwa mazungumzo katika timu ya IEP au kwa njia za kulalamika zilizowekwa na sheria. Majimbo mengine yamekwenda mbali zaidi: California na Massachusetts, kwa mfano, humruhusu mzazi kukubali sehemu fulani za mpango ili zianze, huku zile asizozikubali zikiendelea kujadiliwa. Na popote ulipo, shule hairuhusiwi kutumia kukataa kwako jambo moja kama sababu ya kumnyima mtoto jambo jingine.

Kuhusu uhamiaji, mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtoto shule ya umma kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji, na haki za IDEA hazitegemei hali ya uhamiaji ya mtoto wala ya mzazi. Sheria ya faragha niliyoitaja inahusu pia kumbukumbu hizi. Neno la jirani lisiwe ndilo linaloamua kusoma kwa mwanao.

Nimelibakiza jambo la lugha mwisho, nalo ndilo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote. Kanuni hazisemi kwamba ridhaa ni saini. Zinasema ridhaa ni mzazi kuelezwa kikamilifu, katika lugha yake ya asili, kila jambo linalohusu kile anachoombwa akikubali, kisha akaelewa, akakubali kwa maandishi, na akajua kwamba anakubali kwa hiari. Simu inayokatika haitoshi kwa hayo. Una haki ya kuomba kikao kingine chenye mkalimani anayesikika, na una haki ya kuomba notisi ya maandishi pamoja na maelezo ya haki za mzazi kwa Kiswahili, kwani sheria inazitaka zitolewe katika lugha ya mzazi isipokuwa pale ambapo ni dhahiri kwamba haiwezekani. Tafadhali usimtumie mtoto wako mkubwa kutafsiri. Nimewaona watoto wakitafsiri habari za ndugu zao kwa kuruka maneno mazito, kwa sababu ya upendo tu, na mama akatoka kikaoni bila kujua alichokubali.

Baba wa Kijana amejibu:

Mkalimani amelieleza vyema, nami nitasimulia yaliyonipata, kwa kuwa mimi ni yule baba aliyekataa.

Binti yangu alipokuwa darasa la nne shule ilisema kwamba anastahili huduma kwa sababu ya matatizo ya kutulia na kumakinika. Nilikasirika. Niliona wanamhukumu mtoto mwenye nguvu nyingi, na nilikuwa nimesikia kwamba watoto weusi huwekwa katika elimu maalumu kwa urahisi kuliko wengine. Hofu hiyo sikuibuni, kwa maana sheria yenyewe ya mwaka 2004 inayataka majimbo yachunguze kama watoto wa rangi au kabila fulani wanaingizwa katika elimu maalumu kupita kiasi. Kwa hiyo nilikuwa na sababu ya kuuliza. Kosa langu ni kwamba sikuuliza. Niliandika neno moja la kukataa, nikarudi nyumbani nikijiona nimemlinda.

Miaka miwili baadaye, akiwa shule nyingine, alikusanya siku nyingi za kusimamishwa masomo kwa sababu ya kutoka darasani bila ruhusa na kujibizana na walimu. Nilikwenda kuuliza kama si haki kwanza waangalie iwapo tabia hiyo inatokana na tatizo lilelile walilolitaja zamani. Nilielezwa, kwa upole kabisa, kwamba shule ikitaka kumwondoa shuleni mtoto aliye katika huduma kwa zaidi ya siku 10 mfululizo kwa kosa la nidhamu, ni lazima kikao kikae kuchunguza uhusiano wa kosa na ulemavu wake, lakini kwamba mzazi aliyekataa huduma hawezi kuidai kinga hiyo, kwa kuwa sheria inaichukulia shule kana kwamba haikuwa na habari za ulemavu wa mtoto. Nilihisi ardhi ikinipotea miguuni, maana kalamu iliyomvua kinga hiyo ilikuwa yangu.

Jambo linaloweza kukufariji ni kwamba kukataa hakufungi mlango moja kwa moja. Niliandika barua kuomba apimwe tena, nikatoa ridhaa, na tathmini ikakamilika ndani ya zile siku 60 ambazo sheria ya shirikisho inazitaka pale jimbo lisipokuwa limeweka muda wake. Alipoonekana anastahili, kikao cha IEP kilikaa ndani ya siku 30. Leo anaendelea vizuri. Lakini miaka ile miwili siwezi kumrudishia, na kila ninapokumbuka jinsi alivyokuwa akisema kwamba yeye ni mjinga, hunijia uchungu ambao hakuna karatasi inayoweza kuuondoa.

Sikuambii utie saini. Nakuambia uulize kwanza kila kitu, kisha ndipo uamue.

Mwalimu Mstaafu amejibu:

Mama, nimefundisha katika elimu maalumu kwa muda mrefu wa maisha yangu, na naomba niongeze upande ambao sheria haiwezi kukuelezea, yaani nini hasa unakubali.

Kabla ya kuiangalia karatasi ya ridhaa, chukua IEP yenyewe uisome kurasa zinazoeleza mtoto yuko wapi sasa, anatarajiwa kufika wapi baada ya mwaka mmoja, na ni nani atakayemfundisha, mara ngapi kwa wiki, kwa dakika ngapi na mahali gani. Nimeona mipango iliyoandikwa kwamba mtoto ataongeza uwezo wake wa kusoma, bila kusema kutoka maneno mangapi kwa dakika kwenda mangapi. Lengo la namna hiyo halimsaidii mtu, kwa sababu mwisho wa mwaka hakuna anayeweza kusema kama limefikiwa. Mwaka 2017, katika kesi ya Endrew F., Mahakama ya Juu ilikataa kwa kauli moja hoja kwamba maendeleo madogo tu ya mtoto yanatosha. Mpango unapaswa kuandaliwa kwa namna inayomwezesha mtoto kupiga hatua zinazolingana na hali yake. Kwa hiyo una msingi imara wa kusema: lengo hili liandikwe upya kwa namba.

Kuhusu hofu ya kutengwa, sheria inataka mtoto asome pamoja na wenzake wasio na ulemavu kwa kadiri inayofaa, na IEP lazima ieleze ni kwa kiasi gani hatakuwa pamoja nao. Mtoto mwenye shida ya kusoma peke yake, kama unavyomweleza mwanao, mara nyingi hukaa darasa lake la kawaida kwa sehemu kubwa ya siku na kwenda kwa mwalimu wa elimu maalumu kwa kipindi kifupi cha kusoma, au mwalimu huyo huja darasani. Uliza atakosa somo gani wakati huo. Mtoto anayeipenda hesabu asitolewe wakati wa hesabu.

Uliza pia njia ya kufundishia. Watoto wengi wenye tatizo hili hufaidika wakifundishwa kwa utaratibu na kwa uwazi jinsi sauti zinavyofungamana na herufi, hatua kwa hatua, wakirudia mpaka iwe rahisi. Kusomewa kwa sauti na kubashiri neno kwa kutazama picha hakutoshi.

Kuna swali moja ambalo hukulitaja, nami naliona ni la msingi: mtoto alipimwa kwa lugha gani? Sheria inakataza mtoto kuhesabiwa kuwa anastahili ikiwa sababu kuu ya shida yake ni kutokukijua Kiingereza vya kutosha, au kwamba hakufundishwa kusoma ipasavyo. Vipimo navyo vinapaswa kutolewa katika lugha na namna itakayoonyesha kwa usahihi kile mtoto anachokijua, isipokuwa pale ambapo ni dhahiri kwamba haiwezekani. Jaribu jambo dogo nyumbani. Mpe kitabu chepesi cha Kiswahili, kama amewahi kufundishwa kukisoma. Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto mwenye tatizo la kweli la kusoma anaweza asifanye makosa mengi, lakini atasoma polepole mno na kwa kuchoka, silabi kwa silabi, hata maneno anayoyatumia kila siku. Mtoto ambaye shida yake ni Kiingereza tu husoma tofauti kabisa: Kiswahili atakisoma kwa raha. Usichukue jaribio hilo kuwa kipimo. Lichukue kama habari ya kuwapelekea kikaoni, kwa sababu wewe ndiye pekee katika chumba kile unayeweza kuwapa.

Ukibaki hukubaliani na tathmini yao, unaweza kuomba tathmini huru kwa gharama ya umma. Wilaya italazimika ama kuigharimia ama kupeleka shauri ili kuthibitisha kwamba tathmini yake ilifaa. Haiwezi kukataa tu na kunyamaza.

Kuhusu jina la ulemavu nitasema kwa moyo mzima, maana nimewaona watoto mia kidogo wakipita mikononi mwangu. Mtoto asiyejua kwa nini hawezi kusoma hujipa jina mwenyewe, na jina analojipa huwa baya kuliko lolote lililo katika faili.

Shangazi Mlezi ameuliza:

Naomba radhi kuingiza swali langu hapa, lakini linakaribiana na hili. Ninamlea mtoto wa marehemu kaka yangu. Mama yake hayuko nchini, na ninaishi na mtoto huyu tangu alipokuwa na miaka mitano. Shule imeniomba saini ya namna hiyohiyo. Je, shangazi anaweza kutoa ridhaa, au nitakuwa nimejitwika haki isiyo yangu?

Mkalimani wa Vikao amejibu:

Dada, sheria hii imelitazama neno mzazi kwa upana unaofanana na wetu. Pamoja na mzazi wa kuzaa na wa kuasili na mlezi wa kisheria, inamhesabu kuwa mzazi mtu anayeshika nafasi ya mzazi na ambaye mtoto anaishi naye, na inataja babu, bibi, mzazi wa kambo na ndugu wengine. Kwa hiyo unaweza kutoa ridhaa. Sharti la kukumbuka ni kwamba mzazi wa kuzaa akijitokeza kutaka kuamua mambo ya elimu ya mtoto, na mahakama haijamwondolea mamlaka hayo, basi yeye ndiye hutangulia. Kama mama wa mtoto anapatikana kwa simu, mweleze. Hilo ni jema kwa udugu hata pale sheria isipolidai. Na ipe shule maelezo mafupi ya maandishi kwamba mtoto anaishi nawe na kwamba wewe ndiye unayemtunza.

Mama wa Wawili amejibu:

Nimeyasoma majibu yenu mara tatu, na jana usiku nilimsomea mume wangu neno kwa neno. Baba wa Kijana, Mungu ambariki binti yako. Maelezo yako ndiyo yaliyomfanya mume wangu anyamaze kwa muda mrefu, kisha akasema tuitishe kikao kingine twende pamoja.

Mwalimu, nilifanya ulivyoniambia. Nilimpa kitabu cha hadithi ambacho bibi yake alimfundishia silabi kabla hatujasafiri. Alisoma ukurasa mmoja bila kukosea zaidi ya maneno mawili, lakini kwa muda ambao ningeweza kupika uji, na alipofika mwisho alikuwa amesahau mwanzo. Nilipomsomea mimi ukurasa uliofuata, alinisimulia wote. Nilielewa hapo kwamba si Kiingereza.

Leo asubuhi nimeiandikia shule hivi, na naomba mniambie kama kuna kilichopungua: kwamba sikatai huduma, lakini sijatoa ridhaa bado kwa sababu sikuelewa kikamilifu mazungumzo ya kikao kilichopita, kwamba naomba kikao kingine chenye mkalimani wa Kiswahili atakayekuwapo mwenyewe, au kwa njia ya kuaminika, kwamba naomba nakala ya IEP na ya ripoti ya tathmini kabla ya siku hiyo, na kwamba nataka tuzungumze kuhusu malengo ya kusoma na mahali atakapofundishiwa.

Mkalimani wa Vikao amejibu:

Barua hiyo imekamilika, na sentensi yako ya kwanza ni muhimu kuliko zote kwa sababu inawaondolea shaka ya kukichukulia kimya chako kuwa kukataa. Ningeongeza mambo mawili tu. Taja tarehe uliyoiandika na uhifadhi nakala yake, na uulize, ikiwa mtakubaliana na ukatia saini siku hiyo, huduma zitaanza tarehe gani. IEP inapaswa kuonyesha tarehe ya kuanza, na huduma zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo baada ya mpango kukamilika. Nakala ya IEP ni haki yako, tena bila malipo. Kama wilaya itasita kuhusu mkalimani, kila jimbo lina angalau kituo kimoja cha mafunzo na taarifa kwa wazazi wa watoto wenye ulemavu, kinachogharimiwa na fedha za shirikisho, na huduma zake kwa mzazi ni za bure; wapigie kabla ya kikao.

Mama wa Wawili amejibu:

Wamejibu mchana huu. Kikao ni Jumatano ijayo saa tatu asubuhi, na mkalimani atakuwapo mwenyewe. Mume wangu ameomba ruhusa kazini. Nitakwenda na kile kitabu cha bibi ili niwaonyeshe ukurasa aliousoma.